Noeli Tatu za Mwalimu Nyerere Uskoti

Sisi wa Natta, pamoja na waamini wote wa Jimbo la Musoma, twamjua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kuwa Rais wa kwanza wa nchi yetu, tena ndiye ambaye mwaka 2005 jimbo letu lilianza kuchunguza utakatifu wa maisha yake. Habari ya Noeli alizozipata katika masomo ya ng'ambo haisimuliwi mara nyingi.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Mafundisho ya dini aliyapokea akiwa kijana, lakini hakubatizwa ila baada ya kufa baba yake. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli, akiwa mwanafunzi wa Makerere. Kisha alifundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadri Weupe, na mwaka 1949 akavuka bahari, akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mkristo huyu alikuwa hajatimiza miaka sita tangu ubatizo wake.

Nao mji ule, wenye makanisa mengi, haukuipumzikia Noeli. Waskoti walipoacha Kanisa Katoliki mwaka 1560, wakuu wa dini yao mpya waliikataa sikukuu hiyo, wakisema haikuamriwa katika Maandiko. Na mwaka 1640 Bunge lao likaifuta. Hata katika miaka ya Mwalimu, watu wengi walikwenda kazini tarehe 25 Desemba kama siku nyingine. Serikali haikuifanya kuwa siku ya mapumziko mpaka mwaka 1958. Wakatoliki, nao walikuwa wachache, waliishika katika makanisa yao.

Sisi twaijua Noeli kwa mvua za vuli na mashamba mabichi. Kule jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na kabla ya saa kumi limekwisha kuchwa. Tena vita ilikuwa imeacha uhaba: nyama na sukari ziligawiwa kwa kipimo, hata mezani pa sikukuu.

Furaha kubwa ya Waskoti ilikuwa usiku wa kuamkia mwaka mpya, wauitao Hogmanay. Watu walikusanyika karibu na kanisa la Tron kungoja kengele za usiku wa manane, kisha wakatembeleana nyumba kwa nyumba. Mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti alitakiwa awe mwanamume mwenye nywele nyeusi, amechukua makaa ya mawe, mkate na kileo, ndipo nyumba ipate heri. Kwa kipimo hicho, kijana wa Kizanaki asingekosa mlango wa kufunguliwa!

Noeli za 1949, 1950 na 1951 zilipita hivyo. Mwaka 1952 alipata shahada yake, akarudi Tanganyika mwezi wa Oktoba. Alikwenda Butiama, akajenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, na Januari 1953 akafunga ndoa na Maria katika misioni ya Musoma.