Benjamin Franklin
Benjamin Franklin alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1706. Baba yake alikuwa fundi wa mishumaa na sabuni. Aliacha shule akiwa na miaka 10, na alipofika 12 alitiwa kwa kaka yake ajifunze kazi ya kupiga chapa. Alinunua juzuu ya gazeti la The Spectator la London. Alisoma habari, akaandika muhtasari, akangoja siku chache, kisha akaiandika upya na kulinganisha. Akaona upungufu wake ni maneno. Alikufa mwaka 1790, mwandishi mashuhuri.

Mwaka jana Kiingereza kilinishinda. Muhula huu, hapa Masasi, nililetewa korosho kutoka kwetu Newala zimefungwa katika gazeti la Kiingereza. Nikajaribu njia yake. Makosa yalikuwa mengi, lakini maneno 14 yamebaki kichwani. Wenzangu, mtihani u karibu, jaribuni.