Mambéty aliaga dunia filamu ikiwa mezani

Julai 23, 1998, Djibril Diop Mambéty alifariki dunia jijini Paris kwa saratani ya mapafu. Alikuwa na umri wa miaka 53. Aliacha filamu ya dakika 45 ambayo picha zake zilikwisha kupigwa katika mitaa ya Dakar, lakini kazi ya mezani ilikuwa bado haijafika mwisho. Filamu hiyo ilimhusu binti mlemavu anayeuza magazeti.

Mambéty alizaliwa Januari 1945 Colobane, karibu na Dakar, mtoto wa imamu. Shule ya sinema hakuisoma. Alianza kwa kuigiza katika ukumbi wa Daniel Sorano, na alipofukuzwa huko aligeukia kamera. Mwaka 1968, akiwa na miaka 23, alitoa filamu fupi ya Contras' City, yenye dakika zipatazo 21, akiicheka Dakar na majengo yake ya Kifaransa. Badou Boy ikafuata mwaka 1970.

Touki Bouki ya 1973 ndiyo iliyompa jina. Aliipiga kwa takribani dola 30,000, fedha ambazo kwa filamu ndefu ya rangi ni kidogo mno, na ikapata tuzo ya wahakiki wa kimataifa Cannes. Mtu angedhani kwamba baada ya hapo milango ingefunguka. Haikufunguka. Miaka karibu 20 ilipita kabla ya filamu yake ndefu ya pili.

Ugumu wa enzi zile unahitaji kuelezwa kwa vijana wanaopiga picha kwa simu. Rola la mita 300 la mkanda wa milimita 35 huisha kwa dakika 11 tu, na kilichopigwa vibaya hakifutiki. Mkanda wenyewe ulinunuliwa nje. Ukishapigwa, ulisafirishwa hadi maabara za Ulaya kusafishwa, na mwongozaji alisubiri siku nyingi kabla ya kujua kama amepata alichokitaka. Kisha uhariri, kuchanganya sauti na kuchapa nakala ya kuonyeshwa, kila hatua na ankara yake. Ndiyo maana filamu nyingi za Afrika hazikufia barabarani, zilifia mezani: picha zipo, fedha za kuzimalizia hakuna.

Filamu hiyo ndefu ya pili ilikuja mwaka 1992: Hyènes, aliyoitoa katika tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt kuhusu kikongwe tajiri anayerudi katika mji wake maskini kununua kifo cha mwanamume aliyemtupa. Mambéty alitaka iwe filamu ya bara zima. Akawachukua watu Senegal, tembo kwa Wamasai wa Kenya na fisi Uganda, akaviunganisha vyote kama vile mipaka haipo. Wanasiasa wa kanda hii walikuwa bado wanajadiliana kuhusu kuifufua Jumuiya.

Baada ya hapo aliachana na filamu ndefu. Alipanga kutengeneza tatu za wastani, kila moja kama dakika 45, juu ya watu wadogo: wale wasio na akaunti benki, ambao kila asubuhi huamka na swali la mkate wa siku. Wapo waliouona uamuzi huo kama kushuka daraja. Ukitazama alichokipata ndani ya dakika hizo, ni vigumu kukubaliana nao.

Januari 1994, wakuu wa nchi zinazotumia faranga ya CFA walikutana Dakar na thamani ya fedha hiyo ikashushwa kwa nusu. Faranga moja ya Kifaransa iliyokuwa faranga 50 za CFA ikawa 100. Vitu vilivyoagizwa nje vilipanda bei: dawa, mchele, na mkanda wa filamu pia. Mambéty aliyageuza maumivu hayo kuwa hadithi. Le Franc, iliyotoka mwaka huohuo, inamhusu Marigo, mwanamuziki aliyenyang'anywa kongoma yake kwa sababu ya kodi ya nyumba. Kongoma ni sanduku lenye vyuma vya kucharaza kwa vidole, ndugu mkubwa wa likembe inayojulikana Kongo. Marigo ananunua tiketi ya bahati nasibu na kuibandika mlangoni kwa gundi isiibwe. Tiketi inashinda, haibanduki, naye analazimika kuubeba mlango mzima na kukatiza nao jiji.

Ya pili ilikuwa La Petite Vendeuse de Soleil. Sili Laam, anayetembea kwa magongo, ana bibi kipofu anayeombaomba. Wavulana wauza magazeti wanamwangusha mtaani. Badala ya kulia anakwenda kuomba naye apewe magazeti auze. Anapewa 13 ya Le Soleil, na siku ya kwanza mtu mmoja anayanunua yote. Anamnunulia bibi yake mwavuli. Wavulana wanarudi na kumwibia gongo, lakini ana rafiki, Babou, anayembeba mgongoni. Lissa Balera, aliyemwigiza Sili, hakuwa mwigizaji wa kazi. Alitoka katika maisha hayohayo ya Dakar.

Mwongozaji alipofariki, mikanda ingeweza kuishia stoo kama mingine mingi. Mtayarishaji wake Silvia Voser, wa Uswisi, pamoja na waliofanya naye kazi, waliikamilisha. Muziki ulitoka kwa mdogo wake, Wasis Diop. Filamu ikaanza kuonyeshwa mwaka 1999, ikiwa imetolewa kwa heshima ya ujasiri wa watoto wa mitaani.

Ya tatu, iliyokuwa imhusu mwanamke mpasua mawe, haikupigwa kamwe.

Mwaka 2008 Touki Bouki ilisafishwa upya na taasisi ya Martin Scorsese. Miaka mitano baadaye, binti wa Wasis, Mati Diop, alimtafuta Magaye Niang, kijana wa Touki Bouki ambaye sasa alikuwa mzee Dakar, akatengeneza filamu juu yake, Mille soleils. Nayo ina dakika 45.