Joy Adamson: Mchoraji wa Isiolo aliyefunikwa na sifa za simba

JINA la Joy Adamson linapotajwa, wengi humkumbuka simba Elsa. Ni wachache wanaofahamu kwamba kabla ya Elsa kuzaliwa, mama huyo alikuwa tayari mchoraji stadi aliyezunguka Kenya akichora sura za wenyeji wake.

Alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria, akaitwa Friederike Victoria Gessner. Mji huo sasa ni Opava, katika Jamhuri ya Cheki. Ujanani alisomea muziki jijini Vienna.

Aliwasili Kenya mwaka wa 1937. Mwaka uliofuata aliolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Bally ndiye aliyempa jina Joy na kumhimiza achore maua ya nchi hii. Michoro hiyo ilimpatia nishani ya dhahabu jijini London mwaka wa 1947.

Ndoa hiyo ilipovunjika, aliolewa mwaka wa 1944 na George Adamson, afisa wa wanyamapori katika iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Makao yao yalikuwa Isiolo, mji wanamokutana Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimkabidhi jukumu la kuwachora watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi na mapambo ya jadi. Kwa miaka kadhaa alisafiri huku na huko, akachora wazee, mashujaa, waganga na maharusi. Picha hizo zilipita 500.

Kazi hiyo ilikuwa na utata wake. Utawala uliomlipa ahifadhi mila ndio uliochangia kuzidhoofisha. Aidha, picha hizo humwonyesha mtu katika siku ya sherehe, si katika kazi zake za kila siku. Hata hivyo, shanga, ngozi na mitindo ya nywele ambayo imetoweka ingali inaonekana humo, na hiyo ni hazina isiyopatikana kwingine kwa urahisi.

Mnamo Februari 1956, George alimuua simba jike aliyemshambulia, akarudi na watoto watatu wa mnyama huyo. Wawili walipelekwa Uholanzi, na mmoja, Elsa, akalelewa na Joy hadi akarejeshwa porini. Kitabu kuhusu Elsa kilichapishwa mwaka wa 1960, kikafuatwa na filamu mwaka wa 1966. Kitabu chake kuhusu makabila ya Kenya kilipotoka mwaka wa 1967, ulimwengu ulikuwa umekwisha kumtambua kama mama wa simba.

Joy aliuawa Januari 3, 1980 huko Shaba, Isiolo, alikokuwa akimchunguza chui. Habari za kwanza zilidai ameshambuliwa na simba. Uchunguzi ulibaini kuwa alidungwa kwa silaha yenye makali, na aliyekuwa mfanyakazi wake akapatikana na hatia. Hata katika kifo, simba ndiye aliyetangulia kutajwa.

Elsa alizikwa Meru. Picha nyingi za watu zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, mbali na Isiolo. Humo wajukuu wa waliochorwa wanaweza kuona jinsi mababu zao walivyojipamba, na kumkumbuka Joy kwa kazi iliyowahusu wao wenyewe.