🌙 Sultani na Paka Wasio na Mwenyewe



Leo mkumbuke Sultani Baybars. Alitekwa akiwa kijana mdogo, akauzwa utumwani Sham. Inasimuliwa kuwa mnunuzi mmoja alimrudisha kwa sababu ya dosari ya jicho. Huyo huyo alikuja kupigana Ain Jalut, Ramadhani 25, mwaka 658 Hijria, Wamongolia wakashindwa. Kisha akatawala miaka 17.

Alikuwa mkali. Alishiriki hata kumuua sultani aliyemtangulia. Lakini karibu na msikiti wake Cairo aliacha bustani ya wakfu, mapato yake yalishe paka wasio na mwenyewe. Baadaye bustani ilipotea, ila jukumu likabaki kwa kadhi. Miaka ya 1830 paka walikuwa bado wanalishwa uani kwake.

Sasa wewe. Yule paka mzee wa pale penye udhu, meno yameisha, kila mtu anataka kitoto cha paka tu. Yeye je? Ukifuturu leo, mtengee samaki laini. Ukiweza, mchukue kwako amalizie siku zake. Waliyemkataa watu, Mola wake hajamsahau.

Saumu maqbul. 🤲