Robert Koch: Aliyefichua siri ya papasi, akaponzwa na dawa

KWA wakazi wa Ilongero, mkoani Singida, na sehemu nyingine za Tanzania ya kati zenye nyumba za tembe, papasi si mdudu mgeni. Mchana hujificha katika nyufa za udongo, usiku hutoka kunyonya damu ya waliolala.

Miongoni mwa waliothibitisha kuwa mdudu huyo hueneza homa inayorudi kwa vipindi ni Dk. Robert Koch, mtafiti wa Ujerumani aliyezaliwa Clausthal, Desemba 11, 1843.

Koch alijipatia jina mwaka 1876 alipotumia panya kuonyesha kuwa kimeta husababishwa na bakteria. Mwaka 1882 alitangaza kugundua bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1905 akatunukiwa Nobel.

Mwaka huo wa 1905 alifanya utafiti katika koloni la Wajerumani lililojumuisha Tanzania Bara ya leo. Alikusanya papasi kwenye njia za misafara, akabaini kuwa vimelea hupita kutoka kwa papasi jike hadi kwenye mayai yake. Papasi walioanguliwa walipowauma tumbili, tumbili waliugua.

Nchini Kongo, Joseph Dutton na John Todd kutoka Liverpool walipata matokeo yanayofanana kwa tumbili. Dutton alifariki huko mwaka huo huo kwa homa aliyokuwa akiichunguza. Matokeo ya pande hizo mbili yalipowekwa pamoja, shaka ilipungua.

Hata hivyo, wanyama walionyesha chanzo cha ugonjwa vizuri kuliko tiba yake. Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, akitegemea majaribio kwa simbilisi. Kwa binadamu haikuponya, na baadhi ya wagonjwa walipoteza maisha.

Mwaka 1906 hadi 1907 alitibu malale katika Visiwa vya Ssese, Uganda, kwa atoksili, dawa yenye aseniki iliyokuwa imeua vimelea katika wanyama wa maabara. Alipoongeza dozi, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka.

Koch alifariki Mei 27, 1910, mjini Baden-Baden. Zaidi ya karne moja baadaye, baadhi ya watafiti hukusanya matokeo ya majaribio mengi ya wanyama na kuyapima kwa pamoja, yaliyofaulu na yaliyoshindwa, kabla ya dawa kumfikia mgonjwa. Waliopofuka Ssese hawakupata kinga hiyo.