Profesa Thomas Odhiambo na Askari Wadogo wa Shambani

Mtaa wa Gumbo uko ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile, mkabala na mji wa Juba, kandokando ya barabara kuu iendayo Nimule hadi Uganda. Hapo, kama kwingineko katika Ikweta, mwananchi mwenye kipande cha ardhi hupanda mahindi, mtama na mihogo, na hana budi kuwagawia wadudu sehemu ya jasho lake bila ya hiari. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni bara la Amerika, walithibitishwa kuwamo katika mashamba ya Sudan Kusini. Februari 2020 nzige wa jangwani nao walionekana Magwi, wilaya ambayo ndani yake umo mji wa mpakani wa Nimule. Kila adui wa namna hiyo anapoingia, mkulima hukabiliwa na swali lile lile: je, atoe fedha yake kidogo kununua sumu, au ipo njia nyingine ya kujihami?

Swali hilo ndilo lililokuwa kazi ya maisha ya marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo, mwanasayansi wa Kenya ambaye yafaa wakulima wa nchi zote za bonde la Nile wamjue.

Thomas Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Alisoma katika shule ya Maseno, Nyanza, kisha akaendelea na masomo katika Chuo cha Makerere, Uganda. Baadaye aliajiriwa na idara ya kilimo ya Uganda katika kituo cha utafiti cha Kawanda, karibu na Kampala. Huko alijishughulisha na kunguni wa mimea, akiwapambanua aina kwa aina na kuandika maelezo yao. Kazi hiyo haikuwa na sifa mbele ya watu, lakini ilimfunza kanuni ambayo hakuiacha hata mwisho wa maisha yake: adui asiyejulikana jina, chakula, uzazi na maficho yake hawezi kushindwa.

Kutoka Uganda alikwenda Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alisimamiwa na Sir Vincent Wigglesworth, mtaalamu mashuhuri wa fiziolojia ya wadudu. Alichunguza jinsi homoni inavyotawala uzazi wa nzige dume wa jangwani, na mwaka 1965 akapata shahada ya udaktari. Mwaka huo huo alirejea Afrika Mashariki kufundisha zuolojia katika chuo kikuu cha Nairobi.

Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Marekani liitwalo Science, akieleza jinsi sayansi inavyoweza kutumikia maendeleo ya Afrika Mashariki. Humo alitetea kuanzishwa kwa vituo vichache vya utafiti vyenye ubora wa juu hapa hapa barani. Hoja hiyo iliungwa mkono na wanasayansi wa nchi za nje, akiwamo mkemia Carl Djerassi, na mwaka 1970 kikazaliwa Nairobi Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kijulikanacho kwa jina la ICIPE. Odhiambo ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Kituo kilianza katika majengo duni kwenye eneo la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye kikahamia makao yake ya Kasarani, ambayo kwa haki kabisa yaliitwa Duduville, yaani mji wa wadudu.

Utaratibu wa mwanzo ulikuwa kwamba mabingwa wa nchi za nje waje kwa vipindi kuongoza utafiti, na vijana wenye shahada za juu waifanye kazi papo hapo. Walichunguza mbung'o, kupe, mchwa, mbu na wadudu waharibifu wa mazao. Ili Afrika isikae milele ikingoja wageni, mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa kuwafunza Waafrika sayansi ya wadudu hadi shahada ya udaktari, kwa ushirikiano wa ICIPE na vyuo vikuu vya Afrika.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza. Mkulima ambaye mahindi yake yametobolewa, na watoto wake wanangoja chakula, atafaidika nini na msomi anayechungulia tezi za nzige? Jibu lake tunaweza kuliona katika habari ya nyigu mmoja.

Miongoni mwa maadui wa mahindi na mtama yupo funza wa mabua aliyefika Afrika kutoka Asia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Funza huyo huingia ndani ya bua, na akishakuwa humo dawa ya kunyunyizia haimpati. Lakini huko Asia alikotoka anaye adui yake, nyigu mdogo wa urefu wa milimita chache tu, ambaye wataalamu humwita Cotesia flavipes. Nyigu jike huongozwa na harufu ya mmea ulioshambuliwa na ya kinyesi cha funza. Hupenya katika tundu, akamdunga funza na kutaga makumi ya mayai ndani ya mwili wake. Mabuu hukua humo kwa takriban wiki mbili, kisha hutoboa ngozi ya funza na kutoka, na kila moja hujisukia kifukofuko cheupe. Funza hufa, nyigu wapya huruka kuanza doria.

Kati ya mwaka 1968 na 1972 nyigu huyo alikwisha kuachiliwa Afrika Mashariki, lakini hakushika makazi. Katika miaka ya mwisho ya uongozi wa Odhiambo, ICIPE ililirudia jaribio hilo pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi. Nyigu waliletwa kutoka Pakistan, wakafugwa na kuchunguzwa katika maabara, na mwaka 1993 wakaachiliwa katika pwani ya Kenya. Safari hii walishika. Miaka iliyofuata idadi ya funza huko pwani ilipungua sana, na nyigu wakaachiliwa pia katika nchi nyingine, zikiwamo Uganda na Msumbiji. Mkulima hakutozwa hata senti moja kwa askari hawa, ambao wakishazoea mahali huzaana wenyewe mwaka hadi mwaka.

Hata hivyo nyigu ana mipaka yake. Huyu wa Asia hufaa zaidi nchi za joto za chini, na yupo funza mwingine wa nyanda za juu ambaye mwili wake huyaua mayai ya nyigu huyo. Tena sumu kali inayomwagwa ovyo shambani huua nyigu sawasawa na inavyoua viwavi, na mkulima akaamka kesho yake akiwa amepoteza mlinzi. Ndiyo maana utafiti wenye subira ni wa lazima: bila kujua nani anamla nani, mtu huweza kuwaua rafiki zake kwa fedha yake mwenyewe.

Odhiambo aliondoka katika ukurugenzi mwaka 1994. Nafasi yake ilichukuliwa na Hans Herren wa Uswisi, ambaye alikwisha kuongoza kampeni ya kuwatumia nyigu kutoka Paraguay kupambana na kidung'ata wa mihogo barani Afrika. Kabla ya hapo, mwaka 1985, Odhiambo alishiriki kuanzisha Chuo cha Sayansi cha Afrika, akawa rais wake hadi mwaka 1999. Mwaka 1987 alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika vita dhidi ya njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Alifariki dunia Nairobi tarehe 26 Mei 2003, akiwa na umri wa miaka 72.

Kituo cha utafiti cha Mbita, kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, kimepewa jina lake. Maji ya ziwa hilo ndiyo yatokayo Jinja na hatimaye kupita chini ya daraja la Juba. Kazi yake nayo imeteremka mto. Mwaka 2017 wataalamu walimpa nyigu mmoja wa Afrika jina la Cotesia icipe kwa heshima ya kituo alichokiasisi, na mwaka huo huo nyigu huyo akakutwa Ethiopia, jirani wa Sudan Kusini, akiwaua viwavijeshi vamizi kwa wingi mashambani.

Basi mkulima wa Gumbo anayepasua bua la mahindi na kukuta vifukofuko vyeupe kando ya funza aliyenyauka, asivitupe motoni. Ndani yake wamo askari wa msimu ujao.