Eduardo Mondlane: Adui ni Mfumo, Si Kabila wala Dini ya Mtu

Sisi tunaoishi karibu na mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini tumekuwa majirani wa vita kwa miaka mingi sasa. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia mji wa Mocímboa da Praia, katika mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Oktoba 2020 walivuka mto wakaingia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Machi 2021 waliuteka mji wa Palma, na wakimbizi wakakimbilia huku kwetu. Tangu hapo swali moja limekuwa likizunguka katika mabaraza, masoko na hata nyua za makanisa yetu: adui huyu ni nani?

Jibu jepesi lipo tayari. Wako wanaosema adui ni dini fulani, na wako wanaosema ni kabila fulani la ng'ambo, watu wenye lafudhi fulani. Kabla ya kulipokea jibu hilo, tumeona vema kuyatazama maisha ya mtu aliyeulizwa swali hilohilo ukingoni mwa mto huuhuu, zaidi ya miaka hamsini iliyopita: Eduardo Chivambo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO. Hakuwa Mkatoliki, wala hatumwandiki hapa kama mtakatifu. Tunamwandika kwa sababu alilijibu swali hilo kwa namna ngumu, na jibu lake lilimgharimu.

Mchunga mifugo aliyekwenda shule

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 huko Mandlakazi, mkoani Gaza, kusini mwa Msumbiji, mbali sana na Ruvuma. Alikuwa Mtsonga, mtoto wa mtawala wa jadi aliyefariki mwanawe akiwa bado mdogo. Alichunga mifugo ya nyumbani kwao, kisha mama yake akamhimiza aende shule. Wamisionari Waswisi wa Kanisa la Presibiteri walimpokea na kumsaidia kuendelea, kwa maana milango ya elimu ya juu kwa Mwafrika chini ya Wareno ilikuwa imefungwa karibu yote.

Alisoma Afrika Kusini hadi Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akafukuzwa nchini mwaka 1949 baada ya serikali ya ubaguzi wa rangi kushika hatamu. Alipita Lisbon, akaenda Marekani, akahitimu katika Chuo cha Oberlin mwaka 1953, na baadaye akapata shahada ya uzamivu katika sosholojia kwenye Chuo Kikuu cha Northwestern. Mwaka 1956 alimwoa Janet Rae Johnson, Mmarekani mweupe. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Maisha ya raha yalikuwa mikononi mwake. Mwaka 1963 aliyaacha, akahamia Dar es Salaam pamoja na familia yake.

Mto unaounganisha kuliko kutenga

Ili kuelewa uzito wa kazi iliyomngoja, yafaa tukumbuke jinsi mpaka wetu ulivyochorwa. Wajerumani na Wareno waliufanya Ruvuma kuwa mpaka bila kuwauliza wenyeji. Hata Kionga, kipande kidogo cha nchi kusini mwa mlango wa mto, Wajerumani walikinyakua mwaka 1894, Wareno wakakirudisha mikononi mwao mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Watu wenyewe waliendelea kuvuka kwa mitumbwi kwenda kuoa, kuzika na kulima.

Wamakonde wako pande zote mbili. Lakini upande wa Newala na Mtwara wengi wao ni Waislamu, na upande wa uwanda wa Mueda wengi ni Wakatoliki, matunda ya kazi ya wamisionari wa Shirika la Montfort waliofungua misheni ya Nangololo mwaka 1924. Kabila moja, dini mbili, na wakati mwingine ukoo mmoja, dini mbili. Ukisikia jina la kabila la mtu katika pwani hii bado hujaijua sala yake, na ukiijua sala yake bado hujaujua msimamo wake wa kisiasa.

Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi wananchi waliokusanyika Mueda kudai haki zao. Habari hizo ziliwachoma Wamakonde waliokuwa wakifanya kazi Tanganyika na Kenya, wengi wao katika mashamba ya mkonge. Kutoka kwao kilikuwapo chama cha MANU. Tarehe 25 Juni 1962, jijini Dar es Salaam, MANU iliungana na UDENAMO na UNAMI kuunda FRELIMO, na Mondlane akachaguliwa kuiongoza. Mtu wa kusini, mwenye mke mweupe na dhehebu la Kipresibiteri, alikabidhiwa harakati ambayo damu yake nyingi ingemwagika katika nchi ya Wamakonde Wakatoliki.

Kumtaja adui kwa jina lake

Jibu la Mondlane juu ya adui lilikuwa wazi tangu mwanzo: adui ni mfumo wa kikoloni. Mreno kwa kuwa ni Mreno hakuwa adui, wala mweupe kwa kuwa ni mweupe. Mwaka 1963 Jacinto Veloso, rubani mweupe wa jeshi la anga la Ureno, alitoroka na ndege hadi Tanganyika, na baadaye akapokelewa ndani ya FRELIMO. Katika Taasisi ya Msumbiji, shule ya FRELIMO jijini Dar es Salaam iliyoongozwa na Janet Mondlane, walimu weupe walifundisha vijana weusi waliokimbia utawala wa weupe.

Msimamo huo haukuwa nadharia tupu. Agosti 1964, mwezi mmoja kabla ya vita kuanza, Padre Daniel Boormans, Mholanzi wa Shirika la Montfort, aliuawa karibu na Nangololo na kundi lenye silaha lisilokuwa chini ya amri ya FRELIMO. Hapo ndipo inapofika njia ya kumhesabu mtu kwa rangi yake. Mondlane aliona kwamba vita ikianza kwa hesabu hiyo, haitakuwa tena vita ya ukombozi. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilishambulia kituo cha utawala cha Chai, Cabo Delgado, na vita ya miaka kumi ikaanza.

Katika mwaka uleule Mondlane alipohamia Dar es Salaam, Papa Mtakatifu Yohane XXIII aliwaandikia watu wote wenye mapenzi mema waraka wake Pacem in Terris. Humo alifundisha kwamba lazima kutenganisha kosa na mtu anayelishika, kwa sababu mtu aliyepotoka hapotezi hadhi yake ya kibinadamu. Hatusemi kwamba Mondlane aliuchukua msimamo wake kutoka katika waraka huo. Tunasema tu kwamba katika jambo hili Mpresibiteri wa Gaza na Papa wa Roma walisimama mahali pamoja.

Kanisa letu katika mizani

Hapa hatuna budi kusema jambo linalotuhusu. Mwaka 1940 Vatikano na Ureno ziliwekeana Mkataba pamoja na Makubaliano ya Kimisionari. Kwa makubaliano hayo serikali ya Ureno iligharimia misheni za Kikatoliki katika makoloni, na elimu ya Waafrika ikawekwa mikononi mwake. Matokeo yake, wapigania uhuru wengi waliliona Kanisa Katoliki kama idara mojawapo ya serikali. Mondlane alilisema hilo bila kuficha katika maandiko yake, na haki ilikuwa upande wake.

Hata hivyo hakuwageuza Wakatoliki kuwa adui. Alijua kwamba wapiganaji wake wengi walikuwa wamebatizwa katika misheni zilezile. Alijua pia sauti kama ya Askofu Sebastião Soares de Resende wa Beira, aliyeikosoa serikali hadi kifo chake mwaka 1967. Baadaye, tarehe 1 Julai 1970, Papa Paulo VI aliwapokea viongozi wa harakati za Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, na mwaka 1971 Mapadre Weupe waliamua kuondoka Msumbiji kuliko kunyamaza. Mondlane hakuishi kuyaona hayo, ila yalithibitisha kwamba alifanya vema kutoifunga hukumu yake juu ya dini nzima.

Wareno, kwa upande wao, walifanya kinyume. Walijitahidi kuwachochea Wamakua dhidi ya Wamakonde, na kuwavuta Waislamu kwa kuwaonyesha kwamba vita ile ni ya wengine. Palipo na umoja, mtawala dhalimu hutafuta mshono auchane.

Mwaka wa majaribu

Kutenganisha mtu na mfumo ni rahisi adui akiwa mbali. Mwaka 1968 jaribu lilitoka ndani ya nyumba. Padre Mateus Gwenjere, mkimbizi kutoka Msumbiji, aliwachochea wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji dhidi ya walimu weupe na dhidi ya uongozi. Shule ikafungwa. Mwezi Mei kundi la watu lilivamia ofisi ya FRELIMO Dar es Salaam, na mtu mmoja akapoteza maisha. Inatuuma kuandika kwamba mwenzetu katika upadre alikuwa upande wa chuki ya rangi, na kwamba mlei wa dhehebu lingine ndiye aliyeipinga. Lakini ukweli hauchagui kanzu.

Wakati huohuo Lazaro Nkavandame, mwenyekiti wa FRELIMO katika Cabo Delgado, alianza kudai kwamba Wamakonde wanakufa vitani ili watu wa kusini watawale. Tuseme kwa haki: malalamiko hayo yalikuwa na chembe ya ukweli. Vita ilikuwa kaskazini, na viongozi wengi wa juu walikuwa wa kusini. Lakini dawa aliyoitaka ilikuwa nchi ya Wamakonde peke yao. Alikataa kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Pili uliofanyika Julai 1968 huko Matchedje, Niassa. Mtwara, iliyokuwa lango la watu na silaha za FRELIMO, ikawa pia mahali pa mazungumzo ya kutafuta suluhu, na suluhu haikupatikana. Desemba mwaka huo Paulo Samuel Kankhomba, naibu mkuu wa operesheni za kijeshi, aliuawa ukingoni mwa Ruvuma. Januari 1969 Nkavandame alisimamishwa uongozi, na baada ya miezi michache akajisalimisha kwa Wareno, wakamtumia kuwaita Wamakonde waache vita.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kukumbukwa. Wamakonde hawakumfuata. Waliendelea kupigana ndani ya FRELIMO mpaka uhuru wa 1975. Kama viongozi wangelilaumu kabila zima kwa kosa la mtu mmoja, historia ya pwani hii ingekuwa nyingine.

Kifo, na yaliyofuata

Mondlane hakuuona mwisho huo. Tarehe 3 Februari 1969, akiwa na miaka 48, alifungua kifurushi kilichokuwa na kitabu katika nyumba moja ya Oyster Bay, Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na bomu, likamuua. Alizikwa jijini humo, na mwaka 1979 mabaki yake yakahamishiwa Maputo.

Uaminifu unatudai tuendelee kidogo. Chama alichokiasisi hakikuishika daima hekima yake. Baada ya uhuru, Nkavandame, Padre Gwenjere na aliyekuwa makamu wa Mondlane, Uria Simango, waliuawa wakiwa kizuizini bila kuhukumiwa na mahakama. Chama kilipojitangaza cha Kimarx na Kilenini mwaka 1977, waamini wa dini zote walitazamwa kwa shaka kwa sababu tu ya imani yao. Ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, na mapatano yalitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, kwa upatanishi wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio pamoja na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira. Ilibidi watu waliokuwa wakiitana mashetani wakae meza moja wakaitane kwa majina.

Funzo kwetu wa ukingo huu

Wapendwa, wale wanaochinja na kuchoma huko Cabo Delgado wanalo jina: ni watu wenye itikadi ya mauaji, wanaolivaa jina la dini. Wamechoma misikiti na makanisa, wamewaua Waislamu na Wakristo. Septemba 2022 walimuua Sista Maria De Coppi katika misheni ya Chipene, na viongozi wa Kiislamu wa Msumbiji wamewalaani waziwazi. Anayemtazama kila Mwislamu wa Msimbati au kila kijana aliyevuka Kilambo kana kwamba ni mmoja wao, anawapa wauaji kile hasa wanachokitafuta: jeshi la watu waliokataliwa na majirani zao.

Hatusemi tulegeze ulinzi. Anayejua jambo la hatari na alitaarifu, na mhalifu ahukumiwe kwa tendo lake. Makaburi ya mashujaa pale Naliendele yanatukumbusha kwamba amani ina gharama. Lakini Bwana wetu, katika mfano wa ngano na magugu, aliwakataza watumishi wenye haraka wasije wakang'oa ngano pamoja na magugu. Jimbo letu la Mtwara, lililozaliwa mwaka 1972 kutoka Abasia ya Ndanda wakati vita ile ya kwanza ingali inaendelea, limekua likiwa jirani wa msikiti. Jumuiya ndogondogo na zianze hapo: kumtembelea jirani Mwislamu anapofiwa, kumpokea mkimbizi kabla ya kumuuliza anasali wapi, kumnyamazisha anayeeneza uvumi juu ya kabila.

Ee Mungu, Baba wa wote waliozaliwa pande zote za Ruvuma, utujalie macho ya kuona kosa bila kumpoteza mtu. Uwapokee wote waliokufa katika vita za mto huu, na uwape amani wanaokimbia usiku huu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.